Anayejulikana Hapigiwi Kelele za Mwizi

Hotuba kwa wazazi, walimu na majirani, Ngamiani, Tanga, Jumamosi iliyofuata Siku ya Usonji Duniani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, Mwalimu Mkuu mwenyeji wetu, walimu wa kitengo cha elimu maalumu, shehe wetu, Baba Mchungaji, wajumbe, wazazi, kaka na dada zangu. Wakubwa zangu, shikamooni. Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Nimepewa dakika 20, na mwalimu ameshanionyesha saa yake, kwa hiyo sina ruhusa ya kuzunguka. Daktari aliyenitangulia ameeleza dalili za usonji, ile hali ya ukuaji wa ubongo ambayo kwa Kiingereza huitwa autism, vizuri kuliko nitakavyoweza mimi: mtoto anafikisha mwaka haitiki jina lake, anafikisha mwaka na nusu hanyooshi kidole kukuonyesha kitu, maneno yanakawia, au yalikuja kisha yakapotea, ukimbadilishia ratiba siku inaharibika. Sitayarudia. Mimi si daktari, na kwa habari ya leo mimi si mzazi pia. Mimi ni dada mtu. Mdogo wangu wa kiume ana usonji, na sasa ni mwanamume mzima mwenye ndevu. Nitazungumzia jambo linalosahauliwa katika mikutano kama hii, ambako mabango yote yana picha za watoto wadogo. Watoto hawa hukua. Wanakuwa vijana warefu wenye sauti nzito, na ile huruma ambayo mtaa ulikuwa nayo kwa mtoto mdogo anayezungukazunguka inageuka kuwa hofu kwa mwanamume anayezungukazunguka.

Nitatoa mfano mmoja, kisha nitaendelea.

Mdogo wangu hawezi kuvumilia bomba linalovuja. Ile sauti ya tone kwa tone humsumbua mwilini kabisa, na akiisikia lazima aende akakaze koki. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na kitu, jioni moja alitoka nyumbani, akavuka barabara kadhaa za hapa Ngamiani, akaingia uani kwa watu wasiomjua, akainama kwenye bomba. Mwenye nyumba akatoka. “Wewe nani?” Kimya. Akauliza tena kwa ukali. Kimya, maana koki ilikuwa haijakaza na kazi ilikuwa haijaisha. Akamshika mkono. Sasa, mdogo wangu ukimshika mkono kwa ghafla hupiga ukelele na kujitupa chini. Hapo tena ikaitwa mwizi. Mnajua wenyewe kelele za mwizi zinavyokusanya watu mjini kwetu. Kabla hujauliza kaiba nini, mtu ameshaokota tofali.

Aliyemwokoa alikuwa mama mmoja muuza vitumbua aliyekuwa akipita na beseni lake kichwani. Hakuwa mjumbe wala askari. Neno usonji hakuwahi kulisikia. Alisema hivi: “Mwacheni huyo, namjua. Huyo ni mtoto wa kule chini, kazi yake kufunga mabomba. Hebu semeni, bomba lenu halivuji?” Mwenye nyumba akageuka, akalitazama bomba lake, akasema, ndiyo, linavuja. Watu wakacheka. Waliookota tofali wakaziweka.

Nimelifikiria lile neno “namjua” kwa miaka mingi. Cheti cha hospitali kilikuwa nyumbani kabatini, na hakikuwa na msaada wowote jioni ile. Kilichomlinda ni kwamba mtu mmoja katika kundi lile alikuwa amemwona mara nyingi, kwa sababu mama yetu hakumfungia ndani. Na hilo ndilo nililokuja kusema leo. Tunaomba jamii iwakubali ndugu zetu, lakini huwezi kumkubali mtu ambaye hujawahi kumwona. Kukubaliwa huanza na kujulikana, na kujulikana kuna kazi ya pande mbili. Sisi wenye ndugu hawa tuwatoe nje. Ninyi majirani mjifunze kuwasoma.

Wako wangapi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 ililikuta Jiji la Tanga na watu wanaokaribia 400,000. Nikitumia kipimo hicho cha dunia, maana sijapata hesabu yao ya hapa kwetu, inakuja zaidi ya watu 3,000 katika jiji letu peke yake. Elfu tatu, ndugu zangu. Ukumbi huu ungejaa mara ngapi? Hebu jiulize umewafahamu wangapi. Wawili? Watatu? Waliobaki wako wapi? Baadhi wanapita barabarani tunawaita wakaidi, wajeuri, watu wasio na salamu. Wasichana wengi hawatambuliwi kabisa, kwa sababu msichana mkimya anayejitenga tunamsifu kuwa ana adabu. Na wengine wako chumba cha uani, mlango umefungwa kwa nje.

Simlaumu anayefunga mlango. Nataka tuelewe kwa nini anafunga.

Anafunga kwanza kwa sababu ya usalama. Watoto wengi wenye usonji hutoroka, na wengi huvutwa na maji. Bahari iko hapo chini, na katika nchi zilizofanya uchunguzi kuzama majini ni miongoni mwa vinavyowaua zaidi watoto hawa. Mama aliye peke yake, ana mtoto wa namna hii na ana maandazi ya kuuza saa kumi na moja alfajiri, mnataka afanyeje? Ukimwona amefunga mlango usimpigie kelele za haki za binadamu. Nenda ukae na mtoto saa moja, yeye akauze maandazi.

Anafunga pia kwa sababu ya lawama. Mwaka 2015 watafiti walioko Kilifi, upande wa pili wa mpaka, walichapisha matokeo ya mazungumzo yao na wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya kuhusu chanzo cha usonji. Watu walitaja majini, uchawi na laana, na walitaja pia maradhi, matatizo wakati wa kujifungua na urithi wa damu. Matibabu yalifuata imani: anayeamini jini huenda kwa mganga, anayeamini maradhi huenda hospitali, na wengi hupita kote kuwili. Sisi na watu wa Kwale na Kilifi ni wamoja, Mdigo wa Vanga na Mdigo wa Moa hawatenganishwi na kizuizi cha barabarani, kwa hiyo hakuna hapa atakayejifanya hayajui hayo. Nyumbani kwetu mdogo wangu alinyweshwa kombe, yaani maji yaliyooshewa aya zilizoandikwa kwa zafarani, akafungwa hirizi, akafukizwa ubani, na shangazi yetu upande wa mama, aliyeokoka, akampeleka kwenye maombezi ya usiku kucha yenye spika kubwa kuliko mtoto mwenyewe. Shehe na Baba Mchungaji wapo hapa, na nasema kwa heshima: dua haijamdhuru mtu. Kombe la zafarani alilinywa akalipenda. Zile spika ndizo zilizomtesa, na kiboko cha yule aliyedai anamtoa jini.

Jambo moja la kitabibu nalisema kwa sababu nimeona madhara yake. Kifafa huwapata watu wenye usonji zaidi kuliko watu wengine. Mtoto akianguka akatetemeka, hilo lina dawa hospitali, na dawa hiyo haizuii mtu kuomba dua. Vilevile mtoto asiyesema akianza ghafla kujipiga kichwa au kung’ata watu, kabla hujasema jini limepanda, mfungue kinywa umwangalie meno. Mwangalie masikio. Inaweza kuwa anaumwa jino wiki ya pili na hana namna ya kukuambia.

Na chanjo, kwa sababu najua swali linakuja. Habari kwamba chanjo ya surua huleta usonji ilitoka Uingereza mwaka 1998, kwa daktari aitwaye Andrew Wakefield. Jarida lililochapisha makala yake liliifuta mwaka 2010, na mwaka huohuo akafutwa katika orodha ya madaktari wa nchi hiyo. Wapelekeni watoto wakachanjwe.

Lawama nzito kuliko zote humwangukia mama. Alikula nini, alimkosea nani, aliolewa vipi. Tusidhani hiyo ni jadi ya Waafrika peke yao. Huko Marekani, katika miaka ya 1950 na 1960, wataalamu wenye shahada ndefu walikuwa wakisema mtoto anapata usonji kwa sababu mama yake ana moyo wa barafu, hampendi. Bruno Bettelheim wa Chicago alijipatia jina kubwa kwa kuhubiri hayo, na kina mama wengi walikwenda nyumbani wakiamini wamewaharibu watoto wao. Alipinga nani? Mmoja wao alikuwa Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa baba wa mtoto mwenye usonji, ambaye mwaka 1964 alionyesha kwamba chanzo ni cha kimaumbile, kiko katika ukuaji wa ubongo. Leo inajulikana kwamba vinasaba vina sehemu kubwa, kwamba hakuna chanzo kimoja, na kwamba mapenzi ya mama hayahusiki hata kidogo.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, halafu tutarudi Ngamiani.

Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika makala kuhusu watoto 11 aliowachunguza. Makala hiyo ndiyo iliyofanya usonji ujulikane kama hali inayojitegemea. Mtoto wa kwanza kabisa katika orodha yake aliitwa Donald Triplett, mzaliwa wa 1933 katika mji mdogo uitwao Forest, jimbo la Mississippi. Akiwa na miaka mitatu madaktari waliwashauri wazazi wake wamweke kwenye taasisi, wamsahau, waendelee na maisha. Wakamweka. Huko akanyamaza, akawa wa kukaa tu. Baada ya kama mwaka mmoja wazazi wakakaidi, wakaenda kumchukua. Baba yake, aliyekuwa mwanasheria, akamwandikia Kanner barua ya kurasa 33 akimweleza mwanawe alivyo. Mimi barua hiyo ndiyo inanigusa kuliko makala ya daktari. Kurasa 33! Ni wangapi kati yetu tunaoweza kujaza kurasa mbili kuhusu mtoto wetu bila kuandika neno “hawezi”?

Baadaye Donald alikaa miaka kadhaa shambani kwa mume na mke wasio na mtoto, wakulima wa kawaida. Mtoto alikuwa hawezi kuacha kuhesabu na kupima. Wale wakulima hawakumkataza. Alipokuwa akihesabu mistari ya mahindi, wakampa jembe la kukokotwa na farasi, akawa anahesabu huku analima. Alipokuwa na wazimu wa kupima, wakamchimbisha kisima, kila mara apime kimefika kina gani. Hawakuwa na diploma ya elimu maalumu. Walimwangalia mtoto, wakaona anachokifanya tayari, wakakipa kazi.

Donald alisoma mpaka chuo kikuu, akaajiriwa benki ya mjini kwao, akajifunza kuendesha gari akiwa na miaka 27, akacheza gofu, akasafiri nchi nyingi peke yake. Alifariki mwezi Juni 2023 akiwa na miaka 89. Aliendelea kuwa na usonji mpaka siku anakufa: alizungumza kwa mkato, aliwapa watu namba badala ya majina. Waandishi wa habari walipofika Forest kumtafuta, wenyeji waliwaonya kwamba wakimuumiza Don watakiona. Mji mzima ulikuwa unamjua.

Lazima niseme na upande wa pili, ili nisiwauzie hadithi tamu. Familia ile ilikuwa na fedha, na benki ile ilikuwa ya ukoo wa mama yake. Walikuwa Wazungu katika Mississippi ya ubaguzi, na mtoto mweusi wa mji huohuo mwenye usonji uleule asingeandikiwa makala na daktari yeyote. Hayo yote kweli. Lakini Kanner aliwafuatilia wale watoto 11, akaandika tena mwaka 1971. Waliokuwa wamefungiwa katika mahospitali makubwa ya serikali walififia, vipaji vyao vidogo vikazimika. Fedha haielezi hilo lote. Kufungiwa mahali ambapo hakuna anayekujua kulikuwa na kazi yake.

Nimesema kujulikana kuna pande mbili, na upande wa pili ndio tunaoukwepa. Kila siku tunamwambia mtoto: tazama watu machoni, salimia, kaa, nyamaza, sema. Yeye ndiye ajifunze lugha yetu, sisi tusijifunze yake hata neno moja. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji, aliandika kwamba tatizo hili lina pande mbili: yeye hatuelewi sisi, na sisi hatumwelewi yeye, ila lawama tunamtupia mmoja. Watu wakauliza ushahidi uko wapi. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Edinburgh wakachapisha jaribio ambalo hata watoto wa madrasa wangeweza kulifanya. Waliwapanga watu wanane wanane, wa kwanza anasimuliwa hadithi, anampasia wa pili, wa pili wa tatu, mpaka mwisho. Kundi la watu wasio na usonji lilifikisha habari vizuri. Kundi la watu wenye usonji watupu likafikisha vizuri vilevile. Habari ilipotea zaidi katika kundi lililochanganya hawa na wale. Maana yake, wao kwa wao wanaelewana. Katika jaribio lile kilichokatika ni pale sisi na wao tulipokutana, na pale tupo wawili.

Basi turudi mtaani tufanye nusu yetu.

Kwenye daladala: mdogo wangu hukaa dirishani kwa sababu hapo anaguswa na mtu mmoja badala ya wawili. Konda mmoja wa njia yetu analijua hilo, humwekea siti na hupokea nauli bila kumgusa bega. Hakufundishwa na mtu. Alimwangalia tu. Kondakta mwingine alimshusha njiani kwa sababu alikuwa “anaongea peke yake”. Alikuwa akitaja vituo.

Msikitini: adhana haimsumbui, anaijua dakika yake. Kinachomsumbua ni kipaza sauti kinapopiga mluzi mtu anapokijaribu. Bilali wetu, Mungu amzidishie, siku hizi huanza kukifungua kwa sauti ya chini. Ni kitu cha sekunde tano na hakijapunguza thawabu ya mtu.

Msibani: baba yetu alipofariki watu walimwona hakulia. Aliuliza chakula kitaiva saa ngapi. Kuna bibi alisema, kwa sauti tuliyoisikia wote, kwamba huyu hana uchungu, moyo wake ni mtupu. Mimi nilikuwa nalia, sikumjibu. Msiba ulipokwisha, mnajua nyumba ya msiba inavyobaki, masufuria ya watu, sinia, majamvi, viti, birika, hakuna anayejua kipi cha nani. Mdogo wangu alikuwa ameangalia kila kitu kilipoingia. Alivirudisha vyote kwa wenyewe, nyumba hadi nyumba, na hata yule bibi alirudishiwa mwiko wake. Kama huo si uchungu wa kumpoteza baba, sijui mnauitaje. Ila nawaomba msitoke hapa mkisema watu wenye usonji wana vipaji vya ajabu. Wapo wenye kumbukumbu kama ya mdogo wangu, na wapo wengi wasio na kipaji chochote cha kushangaza, wanaohitaji kulishwa na kubadilishwa nguo wakiwa na miaka 30. Heshima ya hao wa pili haisubiri kipaji.

Shuleni sitakaa sana, walimu watanisaidia. Nawashukuru walimu wa kitengo hiki, maana najua idadi ya watoto mliyonayo na najua idadi yenu. Chuo cha Patandi kule Arusha kinatoa walimu wa elimu maalumu, na hapa mkoani kwetu, Irente, Lushoto, Kanisa la Kilutheri lina shule ya Rainbow kwa watoto hawa. Ni mwanzo. Lakini naona jambo moja kila kitengo ninachotembelea: watoto wa kitengo wanakuwa na mapumziko yao, choo chao, kona yao ya uwanja. Mtoto wa darasa la nne wa upande wa pili anamaliza shule bila kuwahi kucheza na hata mmoja wao. Huyo wa darasa la nne ndiye kondakta wa kesho, ndiye polisi wa kesho, ndiye atakayeokota tofali. Mwalimu Mkuu, mapumziko ya pamoja hayahitaji bajeti.

Sasa kazi. Hapa naomba mnivumilie, mwalimu usitazame saa.

Tanga ni mji wa baiskeli. Mdogo wangu anafanya kazi katika duka la vipuri vya baiskeli. Anapanga spoku kwa urefu, boli na nati kwa namba, anajua cheni ipi inaingia baiskeli ipi, na stoo ya mzee mwenye duka sasa imepangika kuliko duka lolote la hapa. Ana kasoro zake. Mteja akimharakisha, huacha kila kitu na kutoka nje mpaka atulie. Na hasemi uongo. Mara moja mteja alikuwa ameshatoa pesa mfukoni, mdogo wangu akamwambia mbele ya mzee, “Tairi hili litapasuka, la zamani.” Biashara ikafa pale pale. Mzee alikasirika siku mbili. Leo wapo wateja wanaokuja na kusema, mwiteni yule kijana atuambie lipi zuri.

Lakini sikilizeni alikuwa akilipwaje. Miezi ya mwanzo alikuwa anapewa pesa ya soda. Anafungua duka asubuhi, anafunga jioni, anapewa ya soda, na watu wote tunaopita tunasema, mashallah, mzee yule ana roho nzuri kumchukua kijana. Na mzee kweli ana roho nzuri. Nilikwenda nikakaa naye, na mjomba wetu mmoja kwa adabu, nikamuuliza: kijana mwingine asiye na usonji akifanya kazi hii ungempa ngapi? Akataja. Nikamwambia basi. Alinyamaza kidogo, akasema sikuwahi kuliwaza hivyo. Tangu hapo analipwa mshahara, kila wiki, mkononi mwake.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 na zaidi aajiri watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3. Duka la mzee halifikii hata robo ya idadi hiyo, sheria haimhusu, na amefanya. Wapo wenye viwanda na ofisi hapa mjini ambao sheria inawahusu. Mwenyekiti, ukiwatembelea waulize.

Na mirathi. Baba alipoondoka, kwenye kikao cha ukoo kuna wazee walipendekeza fungu la mdogo wangu “litunzwe kwa pamoja”, maana yeye haelewi. Sisi tunajua kutunzwa kwa pamoja kunakoishia. Shehe atanisahihisha: fungu la mrithi halipungui kwa sababu ya hali ya akili yake, na anayemsimamia ni mwenye amana, atakayeulizwa. Wazazi mlio hai, andikeni sasa nani atamsimamia mtoto huyu na kwa masharti gani. Msiache jambo hilo lije kuamuliwa matangani na watu wenye njaa.

Kina dada na kaka wa watoto hawa, hamuitwi kwenye mikutano, lakini ninyi ndio mtakaobaki nao. Mtu alipoleta posa kwetu, upande wa mume uliuliza kwa siri: je, ile hali si ya ukoo? Nilitaka nijibu mwenyewe na nikajibu kweli. Vinasaba vinahusika, na uwezekano wa kumpata mtoto mwenye usonji huongezeka kidogo mahali ambapo kuna ndugu mwenye nao. Nikawaambia pia kwamba tukimpata huyo mtoto, nyumba hii tayari inajua la kufanya. Posa ya kwanza ilirudi ilikotoka. Ya pili haikurudi, na mume wangu na mdogo wangu huenda pamoja kutazama Coastal Union ikicheza Mkwakwani, wanakaa pembeni mbali na ngoma, na hutoka kabla ya filimbi ya mwisho ili kukwepa msongamano wa getini.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ombi langu ni moja na unaweza kulitimiza kabla ya chai. Wajumbe wako wapo hapa. Wazazi walio tayari wawatambulishe watoto wao kwa mjumbe wa eneo lao, leo, kwa jina na kwa tabia: huyu hupenda maji, huyu husema peke yake, huyu usimshike mkono, ukimkuta amepotea piga namba hii. Wajumbe waende wakawaambie wauza vitumbua, madereva wa bajaji, walinzi wa usiku na wavuvi wa pale ufukweni. Nimeleta daftari na kalamu, viko hapo mezani karibu na birika.

Mdogo wangu aliomba niwaambie kwamba hakuweza kuja. Leo ni Jumamosi, duka liko wazi, na ni siku ya malipo. Asanteni kwa kunisikiliza.